Mtoto wa awali anayeachwa nyuma: mwongozo kamili wa kumtambua mapema na kuanza kumsaidia

Kila mwaka ikifika Machi, walimu wa awali wa huku Kasulu na Buhigwe, mkoani Kigoma, hunipigia simu kwa jambo lilelile. Wamemwona mtoto asiyeitika akiitwa, au asiyeweza kushika kalamu, au anayekaa peke yake chini ya mwembe wenzake wakicheza. Wamemwita mzazi na kumwambia, "Mtoto wako ana tatizo, mpeleke hospitali." Mzazi ameondoka, na mtoto hajaonekana tena shuleni.

Wengine husubiri. "Atakua tu." Lakini mwaka wa awali ni mmoja. Ukiisha, mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na pengo ambalo lingeanza kuzibwa Februari.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: tunatafuta jina la ulemavu kabla hatujaandika mtoto anafanya nini. Jina la ugonjwa ni kazi ya daktari. Yetu walimu ni kuona, kuandika tulichokiona, kuanza kumsaidia mtoto wiki hiyohiyo, na kumfikisha kwa anayeweza kupima zaidi.

Nimeandika nikifikiria darasa la watoto 80 au zaidi, mwalimu mmoja, ubao mmoja na hakuna umeme. Mzazi unayesoma, hatua ya 1, 3 na 4 unaweza kuzifanya nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kauntabuku moja. Kila mtoto unayemfuatilia apewe kurasa zake nne au tano.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, au nakala yake.
- Manila nyeupe, makapeni nyeusi na rula yenye milimita.
- Kamba ya mita 6, yenye fundo kwenye mita 1 na mita 3.
- Kopo tupu na mbegu 20 za michikichi zilizokauka. Huku kwetu hazinunuliwi. Panapokamuliwa mawese zimejaa.
- Vizibo vya soda vya rangi mbalimbali.
- Kipande cha tyubu ya baiskeli na mkasi.
- Mtu mzima anayezungumza lugha ya nyumbani ya mtoto, kama wewe huizungumzi.

Kitu hiki cha mwisho ndicho walimu wanachokiruka, na ndicho kinachoharibu kazi yote. Nitakirudia kwenye hatua ya 1.

## Dalili zisizosubiri hatua yoyote

Ukiona moja kati ya hizi, mtoto apelekwe kituo cha afya haraka, bila kungoja wiki za uchunguzi:

- Alikuwa akisema maneno, akitembea au akicheza na wenzake, na sasa uwezo huo umepotea.
- Anapata degedege, au anazubaa ghafla kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, macho yamekaza, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea.
- Kuna mng'ao mweupe katikati ya mboni ya jicho.
- Kichwa kinakua upesi kuliko mwili, hasa kama anatapika na kulalamika maumivu.
- Sikio linatoa usaha na nyuma yake pamevimba.

Mtoto akishikwa na degedege darasani, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, ni safari ya hospitali papo hapo.

Mtoto mwenye alama za kupigwa au kufungwa kamba hayumo kwenye mwongozo huu. Huyo ni wa Afisa Ustawi wa Jamii, siku ileile.

## Hatua ya 1: Hakikisha umri na lugha

Kwa nini. Watoto wengi wanaoitwa "wazito" ni wadogo tu. Mama ana watoto wawili, wa miaka 5 na wa miaka 4, na wote anawaleta pamoja ili apate nafasi ya kwenda shamba. Mwaka mmoja katika umri huo ni mrefu sana.

Angalia kadi ya kliniki. Kama imepotea, usiulize "ana miaka mingapi?" Uliza alizaliwa msimu gani: maharage yalikuwa yanapandwa au yanavunwa? Mdogo wake anayemfuata alizaliwa lini? Utapata umri wa karibu na ukweli.

Kisha lugha. Vijijini Kasulu mtoto anaweza kuingia darasani akiwa hajawahi kuzungumza Kiswahili siku nzima. Ananyamaza wiki sita, mwalimu anaandika "hasemi". Nyumbani, kwa Kiha, anasimulia hadi anaambiwa anyamaze. Mwombe yule mtu mzima amsalimie "Mwakeye" na aongee naye kuhusu mbuzi, mdogo wake, chakula cha jana. Mwenzangu uliyeko Tabora, fanya hivyohivyo kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Ukianza na "Mwangaluka" utaona uso wa mtoto unavyofunguka.

Vipimo vya kukumbuka, kwa lugha yoyote anayoizungumza mtoto: wengi hutembea wenyewe kabla ya mwaka mmoja na nusu, kufikia miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "baba njoo", kufikia miaka 4 mgeni huelewa sehemu kubwa ya wanachosema. Mtoto aliyechelewa kidogo kwenye jambo moja si wa kukimbizwa. Aliyechelewa sana, au kwenye mambo kadhaa, endelea naye hatua ya 2.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika juu ya ukurasa wake umri wake halisi na lugha anayoijua vizuri.

## Hatua ya 2: Andika unachokiona, kwa wiki tatu

Usianze wiki ya kwanza ya Januari. Wiki hiyo kila mtoto analia, na hata mchangamfu anajificha nyuma ya kanga ya mama. Wape wiki tatu za kuzoea.

Kisha chagua watoto wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Kila mmoja mwandikie mistari miwili au mitatu kwa siku. Andika saa, ulichofanya wewe, alichofanya yeye, na kilichofuata.

Maandishi mabaya ni haya: "Mjeuri. Hasikii. Anapenda kugoma."

Maandishi mazuri ni haya: "Jumanne, saa 3 asubuhi. Nimemwita jina mara tatu nikiwa nyuma yake. Hakugeuka. Nilipomgusa bega na kumwonyesha kopo, alilileta."

Ya kwanza ni hukumu, na haimsaidii mtu yeyote. Ya pili inamwambia daktari mahali pa kuanzia, na inakuambia wewe kwamba mtoto huyu anaelewa akiona.

Naliandika hili nikiwa na uchungu. Mwaka wangu wa tatu kazini niliandika neno "mzito" mbele ya jina la mtoto mmoja. Alikuwa na usaha kwenye masikio yote mawili, nami nilikuwa nauona usaha ule kila siku na kumwambia ajifute. Neno langu lilimfuata hadi darasa la tatu, kwa sababu kila mwalimu aliyempokea alilisoma kabla ya kumwona yeye.

Nyakati nzuri za kutazama ni asubuhi anapoingia, mchezo wa nje, wakati wa hadithi, na wakati wa uji. Wakati wa uji una mengi: anashikaje kikombe, anakohoa akimeza, anafuata foleni, anajua kikombe chake, anaangalia wenzake wanafanya nini kabla ya kufanya? Anayetazama wenzake kila mara kabla ya kutii agizo, mara nyingi hajalisikia au hajalielewa.

Onyo. Usichague watoto wa fujo peke yao. Mtoto mpole anayekaa pembeni bila kusumbua ndiye anayepita mwaka mzima bila kuonwa.

Onyo la pili. Kauntabuku hii ifungiwe kabatini. Usiipige picha kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata la walimu. Usisome majina hadharani. Kwa mtoto mwenye ualbino hili ni suala la uhai wake: habari za anapoishi na njia anayopita kwenda shule ziwe kwa watu wachache mno.

Utajua umefanikiwa ukimpa mwalimu mwenzako ukurasa huo bila jina, naye akaweza kukueleza mtoto huyo anaweza nini na anakwama wapi.

## Hatua ya 3: Pima kusikia kwa mchezo wa mbegu

Huu ndio upimaji ninaoutetea kuliko wote. Ni wa dakika kumi, na kuna watoto wanaochapwa kila siku kwa ukaidi wakati shida yao ni masikio.

Elewa jambo hili kwanza. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa, ngoma, pikipiki, hata jina lake, na bado asisikie sauti nyembamba kama "s" na "sh". Kwake "sisi" na "shika" ni vipande vya maneno. Watu wazima wanasema, "Huyu anasikia anapotaka." Hapana. Anasikia anachoweza.

Utatumia sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Zinaanzia sauti nzito hadi nyembamba, na kwa pamoja zinagusa karibu upana wote wa sauti za usemi.

1. Chagua mahali pa utulivu. Mvua ikipiga bati, ahirisha.
2. Kaa mkitazamana. Mpe kopo na mbegu. Tamka "aaa", kisha mshike mkono adondoshe mbegu moja koponi. Rudia hadi adondoshe mwenyewe. Mtoto wa miaka 5 huchukua mizunguko minne au mitano kuelewa.
3. Simama nyuma yake, mita 1. Hakikisha kivuli chako hakimwangukii mbele, maana atakiona kikitikisika na atadondosha mbegu bila kusikia chochote.
4. Tamka sauti moja moja kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, ukiruka mpangilio. Kati ya sauti na sauti, nyamaza: mara sekunde 3, mara 8. Ukienda kwa mwendo mmoja atabahatisha.
5. Rudi nyuma hadi mita 3, urudie.
6. Andika sauti alizozipata na alizozikosa, na umbali.

Akikosa sauti moja au zaidi kwenye mita 3, rudia siku nyingine. Akikosa tena, ni wa rufaa. Mafua huziba masikio kwa muda. Ndiyo maana ya kurudia.

Tazama pia masikio yenyewe. Usaha hukaushwa kwa utambi wa kitambaa laini na safi, mara tatu kwa siku, na mtoto anapelekwa zahanati akapate dawa. Wazazi wengine humwagia mawese ya vuguvugu sikioni, au mafuta mengine. Waambie kwa upole waache: sikio linalotoa usaha mara nyingi lina tundu kwenye ngoma yake, na chochote kinachomiminwa kinaingia ndani.

Utajua umefanikiwa ukiwa na orodha ya sauti sita zenye alama mbele yake, kwa siku mbili tofauti.

## Hatua ya 4: Pima kuona kwa kadi za "meza"

Chora herufi E kwenye manila. Ya kwanza iwe kubwa, ya kujifunzia: urefu na upana milimita 87.5, na kila mstari na kila nafasi milimita 17.5. Ya pili, ya kupimia: urefu na upana milimita 17.5, na kila mstari na kila nafasi milimita 3.5. Vipimo hivi visibadilike. E iliyochorwa kwa kukisia haipimi kitu. Ijaze wino mweusi kabisa.

Mwambie mtoto hii ni meza iliyoangushwa, na yeye aonyeshe kwa mkono miguu yake inaelekea wapi: juu, chini, huku au kule. Si lazima ajue kulia na kushoto. Mfundishe kwa kadi kubwa mkiwa karibu.

Akishaelewa, nyoosha kamba ya mita 6 kivulini, nje ya darasa. Kadi imulikwe na mwanga wa mchana, jua lisimpige mtoto machoni. Funika jicho moja kwa kipande cha manila. Kiganja hakifai, kwa sababu watachungulia katikati ya vidole. Onyesha kadi ndogo mara nne kwa kila jicho, ukiigeuza ukiwa umeificha mgongoni.

Akipata angalau mara tatu kati ya nne kwa kila jicho, endelea na mengine. Akishindwa kwa jicho hata moja, rudia siku nyingine, kisha mpe rufaa. Jicho moja dhaifu halionekani kwa mtu asiyepima, kwa sababu lile zima linafanya kazi ya yote mawili. Na likichelewa kutibiwa utotoni, ubongo huzoea kutolitumia.

Mtoto mwenye ualbino usingoje ashindwe. Karibu wote wana uoni hafifu, na wote wanahitaji kuonwa na mtaalamu wa macho.

## Hatua ya 5: Zungumza na mzazi, nyumbani kwake kama inawezekana

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea. Barua ya wito wa shule inamfanya mzazi aje akiwa amejiandaa kushtakiwa. Nenda wewe, jioni, watu wakiwa wamerudi shambani. Na usizungumze na mama peke yake. Katika nyumba nyingi za huku, mama ndiye anayelaumiwa na upande wa mume kwa mtoto wa namna hii, na bibi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu matibabu. Baba na bibi wasikie maneno yaleyale, kutoka kinywani mwako, siku ileile.

Anza na anachokiweza mtoto. Kisha sema ulichokiona, kisha uliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Asante bibi. Nimekuja kwako kwa sababu mjukuu wako unamjua kuliko mimi. Darasani anapanga vizibo kwa rangi upesi kuliko wenzake. Lakini nikimwita nikiwa nyuma yake hageuki. Hapa nyumbani mnamwonaje?"

Kisha nyamaza. Bibi atakueleza mambo ambayo kadi ya kliniki haina: kwamba alichelewa kulia alipozaliwa, kwamba alilazwa kwa malaria kali akazimia, kwamba aliwahi kupata manjano makali akiwa mchanga, kwamba yule mjomba naye alikuwa hivyo.

Kwa maswali zaidi, fuata mtindo wa maswali yaliyoandaliwa na UNICEF pamoja na Kundi la Washington, yaani wataalamu wa takwimu za ulemavu. Maswali hayo yana toleo la miaka 2 hadi 4 na jingine la miaka 5 hadi 17. Hayamuulizi mzazi kama mtoto ni mlemavu. Yanauliza: ukimlinganisha na watoto wa rika lake, ana ugumu wa kuona? Kusikia? Kutembea? Kueleweka anaposema? Kujifunza jambo jipya? Na majibu ni manne: hana ugumu, ana ugumu kiasi, ana ugumu mkubwa, hawezi kabisa. "Ugumu mkubwa" kwenye swali hata moja unatosha kumfuatilia.

Mtindo huu unafaa kwa sababu neno "mlemavu" linafunga midomo, lakini "ugumu" kila mzazi anaweza kulijibu bila aibu.

Watakuuliza imetokana na nini. Waeleze kwamba malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya kichanga na usaha wa masikio vinaweza kuacha athari, na kwamba mara nyingine chanzo hakijulikani. Kama kuna anayetaja laana au mkosi wa mama, lijibu hapohapo, kwa heshima lakini bila kumung'unya: mama huyu hakufanya kosa.

Onyo. Usitamke usonji, mtindio wa ubongo wala ulemavu wa akili. Huna kipimo chake, na neno hilo litafika kisimani kabla yako. Usiahidi kwamba atapona.

Utajua umefanikiwa mzazi akikuuliza, "Sasa nifanye nini?" na mtoto akiwa darasani kesho yake. La pili ndilo kubwa.

## Hatua ya 6: Anza kumsaidia sasa, kabla ya majibu ya hospitali

Majibu yanaweza kuchukua miezi. Hakuna hata kimoja kati ya vifuatavyo kinachoweza kumdhuru mtoto ambaye baadaye ataonekana hana shida, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja.

Asiyesikia vizuri. Akae mbele, na dirisha liwe mbele yako wewe, lisiwe nyuma yako. Ukiwa na mwanga mgongoni uso wako ni giza na midomo haionekani. Mguse bega kabla ya kusema. Usiongee ukiwa unaandika ubaoni. Usipige kelele, maana kelele inaharibu umbo la midomo. Tumia mikono na vitu halisi. Darasa zima lijifunze ishara za maji, choo, njoo, subiri, nzuri. Watoto wa miaka 5 hujifunza kwa siku mbili na hawazisahau.

Asiyeona vizuri. Akae mbele, pasipo mng'ao wa jua ubaoni. Ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi ili chaki ionekane. Mwache asogee hadi kwenye ubao. Picha zako zichorwe kwa mistari minene. Kwa mwenye ualbino: kofia pana, mikono mirefu, na michezo ya nje iwe chini ya mti. Kama paredi ya asubuhi inafanyika juani, mwombe mwalimu mkuu ihamie kivulini kwa wote, ili yeye asisimame peke yake.

Mwenye shida ya mikono au mwili. Kata tyubu ya baiskeli utepe, uzungushe kwenye penseli hadi iwe nene kama kidole gumba. Miguu yake iguse chini akiwa ameketi. Kama inaning'inia, weka tofali. Mtoto asiyeweza kuketi wima hawezi kutumia mikono yake, kwa hiyo shughulikia kiti kabla ya kalamu: kasha lililokatwa upande mmoja, likaegemezwa kwenye kona ya ukuta na kujazwa nguo kuukuu ubavuni, linatosha kuanzia. Chooni, chimbia nguzo imara ya kushikilia. Nimeona mtoto akiacha kunywa uji asubuhi nzima ili asihitaji kwenda choo asichoweza kuchuchumaa.

Anayechelewa kuelewa. Vunja kila kazi vipande vidogo. Kunawa mikono peke yake kuna vipande sita: kukunja mikono ya nguo, kulowanisha, sabuni, kusugua, kusuuza, kukung'uta. Mfundishe kuanzia mwisho. Wewe fanya naye vitano vya kwanza, cha sita afanye mwenyewe. Akikiweza, mwachie viwili vya mwisho. Kwa njia hii kila mara yeye ndiye anayemaliza kazi, na mtoto anayemaliza kazi hutaka kuirudia kesho. Tumia utaratibu huohuo kwenye kuvaa viatu, kufunga begi, kuandika herufi.

Agizo moja kwa wakati mmoja. "Simama, chukua daftari, njoo hapa" ni maagizo matatu, na yeye amebaki na lile la mwisho tu, au hakuna.

Anayesumbuliwa na kelele, mabadiliko au watu wengi. Chora picha nne za siku: wimbo, hadithi, uji, kucheza. Zibandike kwa mpangilio, na kila kipindi kikiisha mtoto aigeuze picha yake. Mwonye kabla ya kubadilisha kipindi. Kengele ya rimu la gari ikigongwa karibu naye anaziba masikio na kupiga mayowe? Mpeleke mbali kidogo dakika mbili kabla haijagongwa. Mpe kona tulivu yenye mkeka. Kona hiyo isitumike kamwe kama adhabu, la sivyo ataiogopa siku anayoihitaji.

Na kwa wote: mpe rafiki mmoja wa kukaa naye, kwa zamu za wiki. Usimpe mtoto yuleyule mzigo wa mwaka mzima. Fimbo iache kabisa.

Utajua umefanikiwa ndani ya wiki sita ukiona badiliko moja unaloweza kuliandika kwa tarehe. Dogo linatosha: anageuka akiitwa, amekunywa uji bila kumwaga, amekaa na wenzake wakati wa hadithi hadi mwisho.

## Hatua ya 7: Rufaa yenye maneno yanayosaidia

Barua iliyoandikwa "mtoto ana tatizo, naomba asaidiwe" inarudi na karatasi ya dawa za minyoo. Andika hivi:

"Mtoto wa kike, miaka 5 na miezi 3, anazungumza Kiha nyumbani. Kwa wiki tatu nimeona hageuki akiitwa kutoka nyuma. Tarehe 12 na 19 Februari nilimpima kwa sauti sita akiwa mita 3: alipata m, u, a, alikosa i, sh, s. Bibi yake anasema alilazwa kwa malaria kali akiwa na miaka 3. Sikio la kushoto linatoa usaha. Naomba apimwe masikio. Ataendelea kuja shule."

Njia ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma mjini. Kwa wenzetu wa Tabora ni Kitete. Nakala mpe mwalimu mkuu, ambaye ataifikisha kwa Afisa Elimu Kata na kwa afisa anayesimamia elimu maalumu halmashauri. Kama kikwazo ni nauli, mwende na mzazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii mapema, kabla ya tarehe ya kliniki.

Mwombe mzazi alete karatasi ya majibu, na unakili jambo moja tu kwenye kauntabuku: hospitali imesema tufanye nini shuleni.

Akitokea mtu wa kusema "huyu si wa shule yetu", mkumbushe kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya elimu, na shule ya kawaida ndiyo ya kwanza. Mimi siafiki kumpeleka mtoto wa miaka 5 bweni la mbali kwa sababu tu mwalimu ameshindwa kubadili mahali pa kukaa. Mtoto kiziwi ni habari nyingine. Yeye anahitaji lugha ya alama mapema na watoto wenzake wanaoitumia, na bila hiyo anakua bila lugha yoyote. Kwa ajili yake, uliza mapema kuhusu kitengo maalumu kilicho karibu, na kuhusu shule ya viziwi ya Tabora, iliyopo tangu miaka ya 1960.

## Hatua ya 8: Pitia upya, kisha mkabidhi

Kila baada ya wiki sita, soma kurasa za mtoto toka mwanzo. Msaada uliozaa matunda uendelee. Usiozaa, ubadilishe, usimlaumu mtoto kwamba "hasaidiki". Rudia kipimo cha sauti na cha kadi muhula wa pili, hasa baada ya msimu wa mafua.

Wengine watakuwa wamewafikia wenzao kufikia Juni. Waandikie tarehe na ufunge ukurasa.

Novemba, kaa na mwalimu wa darasa la kwanza kwa nusu saa. Ukurasa wa kwanza anaoupokea uorodheshe anachoweza mtoto, wa pili kinachomsaidia, wa tatu karatasi za hospitali. Penseli yenye tyubu, picha nne za siku na tofali la miguuni vihame pamoja naye. Halafu mchukue mtoto mwenyewe, siku ambayo darasa hilo halina watu, akalione dawati lake, aketi, na mhakikishe miguu inagusa tofali.